Maziwa ya Mawe

Mimi sina roho nzuri, na sijawahi kusema ninayo. Walionizaa kule Mahagi walilijua hilo mapema, ndiyo maana walipokea mahari haraka na kunifungia mizigo. Kwa hiyo usitegemee nijitetee. Nitaeleza tu jinsi nilivyomtoa muzee Isidore katika nyumba yetu hapa Bunia kwa sababu ya mawe, na nilichokipata.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Mgiriki. Mwishoni mwa mwaka 1973 serikali ilitangaza kwamba maduka na mali za wageni zigawiwe wananchi, na mume wangu Grégoire, ambaye alijua kumpigia makofi kila mkubwa aliyepita, akapewa duka la vitambaa la Mgiriki huyo, nyumba yake, na kila kilichokuwamo. Siku hizo majina ya Kikristo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo kwenye karatasi aliandikwa Ukumu. Nyumbani tuliendelea kuitana kama padri alivyotubatiza. Mgiriki aliondoka na masanduku mawili tu. Nyuma yake aliacha sanduku la kioo, refu kama jeneza la mtu mzima, limejaa maji ya chumvi, na ndani yake mawe ya rangi ya chungwa aliyoyaleta kwa ndege kutoka Mombasa. Aliacha pia mapipa saba ya chumvi ya bahari, mashine ndogo ya kusukuma maji, na mpishi wake, Isidore.

Siku ya kwanza nilicheka sana. Wenzetu wamegawiwa mashamba ya kahawa na magari, sisi tumepewa mawe yenye chunusi! Lakini ilipofika saa kumi jioni, Isidore alisimama mbele ya kioo, na chunusi zile zikaanza kufumbuka moja moja. Kila moja ilitoa vidole vingi vya manjano, vyembamba, vinavyopapasa, na katikati ya vidole palikuwa na mdomo. Nilijikuta nimepiga ishara ya msalaba.

"Watu wa vitabu wanaita matumbawe," Isidore aliniambia. "Haiko mawe kabisa, madamu. Ni nyama ya bahari. Ndugu zake mingi wanakula jua, sawa majani. Hii hapana. Hii inakula na mudomo, sawa siye. Kama mutu hailishe, inakufa na njaa, hata jua iwake namna gani."

Alikuwa mtu mwembamba wa Kpandroma, amevaa koti la kazi la kaki lililofika magotini, mvua au jua. Alisema midomo ile ilikuwa sitini na miwili. Alikuwa ameihesabu.

Grégoire hajawahi kumsikiliza mtu anayemlipa mshahara. Wiki ileile aliita vijana wanne wa dukani, wakalisukuma sanduku hadi dirishani, ili maua, kama alivyoyaita, yapate jua. Isidore alimwambia mara mbili, kisha akanyamaza. Baada ya siku kumi mawe yote yalikuwa yamefunikwa na utando wa kijani, na midomo imefungwa kabisa. Ilibidi lirudishwe kwenye kona yake ya giza karibu na mlango wa stoo, na Isidore alikaa wiki mbili akiyasugua mawe kwa mswaki, akilisha mdomo mmoja baada ya mwingine mpaka yakapona. Tangu hapo Grégoire alimwogopa. Alimruhusu kuendelea kuishi katika nyumba ndogo ya nyuma, na alimpa kila alichoomba kwa ajili ya mawe.

Alichoomba kilikuwa samaki wabichi wa ziwani Kasenyi, kapitene hasa, yule sangara mkubwa, na vile vikamba vidogo vinavyokuja vimejichanganya na samaki. Aliomba pia maziwa ya unga, kopo moja kila wiki mbili. Alisema mawe hayawezi kunenepa bila maziwa. Maziwa! Wakati huo kopo la maziwa lilikuwa kitu cha kufungiwa kabatini pamoja na sukari. Mimi mwenyewe nilitia chai yangu kijiko kimoja na kulamba kijiko. Lakini kila siku, kabla ya kulisha, Isidore alikoroga kikombe kizima, akakibeba hadi saloni, sebuleni kwenye mawe, na kuomba watu wote watoke.

"Yanaona haya," alisema. "Yanakunywa kama hakuna mutu."

Basi tulitoka, hata Grégoire mwenyewe, hata wageni na chupa zao mikononi. Wageni walikuja kila vandredi, yaani Ijumaa. Grégoire aliwaalika wakubwa wa mji kunywa bia na kutazama mawe yakila, na huko ndiko alikopata karatasi zake za duka zikipigwa mihuri bila maswali. Komisere wa zone mwenyewe, mkuu wa wilaya nzima, alikuwa na kiti chake mbele ya kioo. Isidore akimaliza mambo ya maziwa aliwafungulia mlango, akazima mashine ya maji ili chakula kisipeperuke, akashika koleo refu la mbao, na kuweka kipande cha samaki kimoja kwa kila mdomo. Vidole vilikikumbatia na kukimeza polepole. Wanaume wazima walishangilia kana kwamba wako mpirani.

Katika mojawapo ya siku hizo Grégoire, bia ikiwa imemkolea, aliweka mkono begani mwa Isidore na kusema mbele ya wote:

"Mu hii nyumba bibi anaweza kutoka. Batoke hata watatu, hata wane. Lakini huyu muzee hatoki!"

Wakacheka wote. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la karanga, nami nikacheka, kwa sababu ungefanya nini? Lakini nilijua maana yake. Nilikuwa mwaka wa saba wa ndoa bila mtoto, na Grégoire alikuwa na mwanamke mwingine mtaa wa Lumumba, Marie-Claire, na Marie-Claire alikuwa amepata mimba. Ndugu zake Grégoire walishaanza kuniuliza kama wazazi wangu bado wana nafasi kule Mahagi. Siku ile, nikiwa na sinia mkononi, nilielewa kwamba katika nyumba yetu asiyeweza kufukuzwa ni yule mwenye kujua mawe. Nikaamua kuwa mimi.

Mlango wa stoo ulikuwa na ufa. Kwa miezi miwili nilisimama nyuma yake kila siku, kati ya magunia, na kumwangalia. Niliona kwamba si kweli mawe yalikuwa yakimtambua yeye, kama alivyowaambia wageni. Kwanza alimimina kijiko cha maji aliyooshea samaki, damu kidogo na harufu, kisha akasubiri. Mawe yakasikia harufu, yakafumbuka. Siri yenyewe ilikuwa hiyo tu. Niliona alivyofyonza mabaki kwa mpira mwembamba saa moja baadaye. Niliona alivyochanganya chumvi ya mapipa kila posho, siku ya Jumamosi, na kutumbukiza kipimo cha kioo mpaka kielee kwenye alama nyekundu. Na kila siku, kabla ya yote, nilimwona anainama juu ya sanduku na kikombe cha maziwa. Hapo alinipa mgongo. Niliona kiwiko kinacheza, koti linasogea, na kikombe kinarudi kitupu.

Alikuwa na mjukuu mle katika nyumba ndogo, Angèle, wa mwaka mmoja na kidogo. Mama yake, binti wa Isidore, alikufa siku ya kumzaa. Nilikuwa nikimwona akitambaa uani, mashavu yamejaa, mikono imekunjana kwa unono, na nilichukia. Nilijiuliza mtoto wa mpishi ananenepa na nini, wakati mimi bibi wa nyumba natembea na tumbo tupu. Nilijiuliza tu, sikutafuta jibu.

Vandredi moja ya mwezi wa saba, 1974, nilimtuma Isidore sokoni Mbunya kutafuta vikamba ambavyo nilijua havikuja siku hiyo. Wageni wakafika. Nilimimina maji ya samaki mwenyewe, nikasubiri, na mawe yakafumbuka, mdomo kwa mdomo, mbele ya mwanamke. Nilizima mashine. Nilishika koleo. Komisere alisimama kwenye kiti chake. Nilipokuwa kwenye mdomo wa thelathini hivi, Isidore aliingia na kikapu kitupu, akasimama mlangoni. Aliweka kikapu chini. Niliendelea kulisha bila kugeuka, na sikumbuki furaha nyingine niliyowahi kuipata kama ile.

"Sasa muzee atafanya kazi gani?" niliuliza kwa sauti, wote wasikie.

Wakacheka tena. Safari hii kicheko kilikuwa changu.

Asubuhi yake Grégoire aliniuliza kama kweli nitaweza peke yangu. Nilisema nitaweza, na kwamba nyumba ile ya nyuma naitaka kwa kuku wangu. Alimpa Isidore mpaka saa sita mchana. Kulikuwa na kamyo, lori la kwenda Kpandroma kuchukua viazi, na Grégoire akamlipia nafasi juu ya magunia matupu ili asisemwe vibaya.

Isidore alikuja kuniaga jikoni, mtoto amefungwa mgongoni kwa kitambaa kama wanavyofanya wanawake. Nilidhani ataomba kubaki. Hakuomba.

"Madamu, nakuomba kitu moja," alisema. "Kopo ya maziwa. Ile yenye kubakia nusu. Unipatie njo niende nayo."

"Maziwa ni ya mawe," nilimwambia.

Alifungua kinywa. Nakumbuka vizuri kwamba alikifungua, na kwamba alitazama upande wa saloni, kisha akatazama ufunguo wa kabati shingoni mwangu. Alikuwa na kitu cha kusema. Kisha akakifunga kinywa, akamrekebisha mtoto mgongoni.

"Sawa, madamu," alisema. "Upatie mawe."

Wiki mbili za kwanza mambo yalikwenda vizuri kabisa. Kuku wangu waliingia katika nyumba ndogo na kuanza kutaga. Mawe yalifumbuka kila saa kumi. Nilishika desturi yote: niliwatoa watu saloni, nikasimama na kikombe, nikatia maziwa. Ila nilipunja. Niliyatilia mawe nusu kijiko, kilichobaki nikanywea chai. Nilijiambia Isidore alikuwa akiyadekeza. Maji yalikuwa na ukungu kidogo, basi. Marie-Claire alituma watu kuuliza lini chumba chake kitapakwa rangi, na Grégoire akawajibu kwamba nyumba ina mwenyewe. Nililala usingizi mzito siku hiyo.

Kisha komisere akatangaza kwamba vandredi ya wiki iliyofuata ataleta wakubwa kutoka Kisangani waje kuona mawe yanayokula. Grégoire alinishika mkono.

"Berthe, hawa watu wakifurahi, hakuna mutu atagusa duka yetu tena. Lakini mawe ikifa, nitasema nini? Ikifa, weye unarudia Mahagi, na Marie-Claire anaingia. Nakuambia mbele, usiseme sikukuambia."

Nikaogopa. Nikataka midomo inenepe, ing'ae. Nikaacha kupunja. Tangu Jumamosi nilitia kikombe kizima cha maziwa, mazito, kama Isidore. Jumapili maji yalikuwa meupe. Jumatatu midomo haikufumbuka, nikaona ni udhaifu, nikatia vikombe viwili. Jumanne saloni ilinuka kama machinjio. Nyama ya rangi ya chungwa ilikuwa inabanduka kwenye mawe vipande vipande, na chini yake kulikuwa na mifupa myeupe yenye mashimo. Nilisimama pale na kijiko mkononi. Grégoire alitazama ndani ya kioo, hakupiga kelele.

"Mutafute muzee," alisema tu. "Uko na mpaka vandredi."

Jumatano alfajiri nilipanda kamyo ya viazi. Nilivaa kitenge changu kizuri, na mkobani nilibeba kopo jipya la maziwa, halijafunguliwa, kwa sababu nilikumbuka alichokuwa ameomba. Niliona niko mwerevu. Barabara ilipanda na kupanda, baridi ya kule juu ikanipiga masikio, na kutwa nzima nilikuwa nikipanga maneno. Sikuwa nimepanga kuomba msamaha. Nilikuwa nimepanga kuuliza maziwa yanaendana na nini, kitu gani alifanya ambacho ufa wa mlango haukunionyesha.

Nilimkuta kwa kaka yake, nje kidogo ya soko la Kpandroma, anapalilia maharagwe. Alikuwa na koti lilelile. Nilimpa kopo kwa mikono miwili, kwa heshima, na kumweleza yote. Alikaa na kopo mkononi bila kulitazama.

"Umeipatia maziwa?" aliuliza.

"Kila siku. Kikombe muzima, sawa weye."

Ndipo alipolitazama kopo.

"Mi sikuipatia maziwa hata siku moja, madamu. Maziwa inaoza mu maji, inaua. Ile ilikuwa ya Angèle. Nilikuwa naimwanga mu chupa, chini ya koti."

Mwizi! Neno lilinifika ulimini. Miezi sita ananitoa saloni kwangu ili aibe kabatini kwangu! Lakini niliona nyumba ilivyokuwa kimya, na sikuona kitambaa cha mtoto kwenye kamba, na neno likabaki hapo.

"Mutoto iko wapi?" nilimuuliza.

Alionyesha kwa kidevu. Nyuma ya nyumba, mwisho wa mistari ya maharagwe, palikuwa na tuta fupi la udongo, bado halijashuka, na vijiti viwili vilivyofungwa msalaba kwa kamba ya mgomba. Tuta lilikuwa fupi kuliko kitenge cha kulalia nilichobeba mkobani.

"Baridi ilimukamata juu ya kamyo," Isidore alisema. "Kisha tumbo. Alikataa uji. Alizoea ile ingine. Siku ya kumi na moja akaenda."

Hapa ndipo ningependa kusema nilianguka chini nikalia. Nililia, ni kweli, ila nilikuwa nalilia chumba changu, na Marie-Claire akipita mlango wangu na tumbo lake. Nikajifuta macho, na pale pale, mbele ya tuta lile, nikauliza:

"Na mawe? Iko njia ya kuiponyesha?"

Kaka yake, aliyekuwa amesimama karibu na jembe, alitema mate na kuondoka. Isidore hakuondoka. Aliweka kopo chini, akachuchumaa, akanieleza yote, kwa utaratibu, kama anavyomweleza mtu anayeajiriwa. Nibadilishe maji yote siku nitakayofika, na tena kesho yake. Nikate kila kilichooza kwa kisu chembamba na kukitupa. Nisilishe kitu siku ya kwanza. Kisha maji ya samaki, matone tu, na kamba aliyesagwa, kwa bomba la sindano, mdomo kwa mdomo, hata ule unaoonekana umekufa, kwa sababu mara nyingine ndani ya mfupa inabaki nyama kidogo.

"Kwa nini unanielezea?" nilimuuliza. Nilihofia ananidanganya.

"Mawe ile haikunikosea kitu," alisema.

Nilipofunga mkoba aliokota kopo na kunirudishia. Nikamwambia ni lake, nimemletea yeye.

"Rudisha, madamu. Patro Grégoire atauliza kopo iko wapi. Hapa hakuna mutu wa kunywa."

Hakunidanganya. Nilirudi na kamyo ya usiku, Alhamisi alfajiri nikaanza kufanya kama alivyosema, na vandredi, saa kumi, midomo kumi na saba ilifumbuka. Nilikuwa nimeyageuza mawe ili upande uliokufa uelekee ukutani. Grégoire aliwaambia watu wa Kisangani kwamba mengine yamelala, kwani yanalala kwa zamu kama askari. Walipiga makofi. Komisere alininong'oneza kwamba mimi ni mwanamke wa ajabu. Na bia ilipokolea, Grégoire aliweka mkono begani mwangu na kusema maneno yaleyale: bibi wote wanaweza kutoka mu hii nyumba, lakini Berthe hatoki. Marie-Claire alizaa mtoto wa kiume kulekule mtaa wa Lumumba, na amebaki huko mpaka leo, mwaka 1979. Nilishinda.

Limebaki jambo moja. Grégoire hajui. Ningemwambia kwamba mawe hayanywi maziwa, angeuliza ni nani basi aliyeyaua. Kwa hiyo kila wiki mbili ananiletea kopo, kwa fahari, na kila siku anauliza kama nimeyanywesha. Kila saa kumi nawatoa watu saloni, nafunga mlango na kusimama mbele ya kioo na kikombe kizima. Mwanzoni nilimwaga uani, lakini mfereji ulibaki mweupe, na mpishi mpya akaanza kuchungulia. Siku hizi nauelekeza mgongo wangu mlangoni, kama yeye, na kuyanywa yote. Hayajawahi kushuka vizuri.

Midomo imerudi, ni hamsini na minne sasa, nimeihesabu. Na mimi nimenenepa. Dada zangu wakija kutoka Mahagi wananishika mashavu kwa mikono miwili na kusema ndoa imenikubali.